Kutoka Amu Hadi Mvita: Kuanza Kazi ya Vijana Katika Mji Mgeni



Anayehamia mji mwingine kwa biashara huuliza kwanza soko liko wapi. Anayehamia kwa masomo huuliza njia ya chuo. Mwenye kuhamia ili awatumikie vijana ana swali gumu zaidi, kwani vijana hawana jengo moja wanamopatikana, wala mlango mmoja wa kubishwa. Wamo katika nyumba za watu, na nyumba za watu hazifunguki ila kwa kuaminiwa. Katika kurasa hizi nausimulia mji wa Mombasa kama nilivyoujua mwaka wangu wa kwanza wa kazi hiyo, nilipotoka Amu na kujiunga na kikundi kidogo cha jamii kinachohudumia vijana wa kisiwani na wa ng'ambo zake mbili, Kisauni na Likoni. Nayaandika haya kwa ajili ya binti au kijana mwingine atakayeshika njia hii, na zaidi kwa ajili ya akina mama, ambao mikononi mwao kazi hii husimama au huanguka.

Njia ya kuja

Safari ya kutoka Amu huanza majini. Mashua ya abiria huvuka hadi Mokowe, na huko bara ndiko basi hupandwa. Barabara hupita Witu, ikauvuka Mto Tana karibu na Garsen, kisha ikateremka Malindi, Kilifi na Mtwapa hadi daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Ni zaidi ya kilomita 300, na msafiri hupata muda mrefu wa kutafakari anachokiacha na anachokiendea.

Tofauti ya miji hii miwili yaonekana hata katika hesabu. Sensa ya mwaka 2019 iliikuta Kaunti ya Lamu na watu 143,920, na Kaunti ya Mombasa na watu 1,208,333. Kwa kila mtu mmoja wa kwetu, Mombasa ina zaidi ya wanane. Lakini hesabu haisemi jambo lililo kubwa kwa mtu wa kazi yangu. Amu mtoto hujulikana kwa mlango wa babake na kwa jina la bibi yake. Akionekana pasipofaa, habari hufika nyumbani kabla yake, kwani vichochoro ni vyembamba na kila baraza ina macho. Mombasa kijana huvuka daraja moja tu akawa mgeni. Aliyezaliwa Majengo hukaa Bamburi mchana kutwa, na hakuna ammi wala shangazi wa kumuuliza anatafuta nini. Uhuru huo ndio utamu wa mji mkubwa, na ndio pia hatari yake.

Hata hivyo mtu wa Amu akifikia Mji wa Kale haoni ugeni mwingi. Milango ya nakshi ipo, vichochoro vipo, na asubuhi harufu ya mahamri hutangulia sauti za watu. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imeipa mgongo mitaa hiyo na kuielekea bahari. Mimi nilifikia Kibokoni, kwa mama mmoja mjane ambaye alikuwa jamaa wa mbali wa mamangu.

Milango ya kwanza

Kazi yenyewe ina karatasi zake, na si vyema kuzidharau. Anayekaa na watoto na vijana hutakiwa kuwa na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Kikundi huandikishwa. Chifu hupelekewa barua, mzee wa mtaa huarifiwa, na imamu pamoja na walimu wa madrasa huombwa idhini na dua. Yote hayo niliyamaliza kwa siku chache, nikadhani sasa njia i wazi.

Mama mwenyeji wangu ndiye aliyenifahamisha kwamba karatasi ni za ofisini. Aliniambia, "Mwanangu, hapa watu hawaulizi umesoma wapi. Huuliza umefikia kwa nani." Akavaa buibui lake, akanishika mkono, akanitembeza. Kwa majuma mawili sikufanya kazi nyingine ila kufuatana naye arusini, hitimani, kwa wagonjwa na kwa waliojifungua. Kila nyumba alibisha hodi, akatoa salamu, akanitaja ukoo, akasema nimekuja kukaa na vijana. Hatukuuliza maswali. Tulikunywa chai, tukaaga. Baadaye niliporudi peke yangu katika nyumba zile sikuwa tena mtu wa shirika. Nilikuwa mtoto wa fulani wa Kibokoni.

Jambo la pili alilonishauri ni kuacha daftari nyumbani. Ushauri huo una historia. Februari 2014 polisi waliuvamia Msikiti wa Musa, mtaa wa Majengo, na vijana wengi wakakamatwa siku moja. Wako wazazi ambao tangu siku hiyo hawapendi mtu yeyote aandike jina la mtoto wao, hata akiwa na nia njema. Kijana akiona kalamu huuliza inaandikia nani. Basi nilijifunza kuyahifadhi majina kichwani, na kuandika usiku yale tu yaliyo lazima, tena bila ya kumtaja mtu.

Ni haki pia kusema kwamba shughuli ya kuwalea vijana haikuletwa Mombasa na watu wa semina. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na miongoni mwa aliyoyahimiza sana ni elimu ya watoto wa Kiislamu, wa kiume na wa kike. Chuo cha ufundi cha Waislamu kilichojulikana kwa jina la MIOME kilikua mpaka kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013, nacho ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa cha leo. Mgeni akiyajua haya hupunguza maneno ya kuwafunza wenyeji, akazidisha kusikiliza.

Mji na saa zake

Mji haujulikani kwa ramani peke yake, hujulikana kwa saa zake. Kwa mtu wa kazi hii ni muhimu kujua kila saa vijana wako wapi, na mama zao wako wapi.

Alfajiri ni ya wenye vibarua. Baada ya sala utawaona wakielekea bandarini kungoja kama leo wataitwa, na wengine Marikiti, kusukuma mikokoteni ya ndizi na viazi. Hao hawana nafasi ya maneno saa hiyo, na mwenye hekima huwasalimia tu akapita. Wengi wao wamepitia misukosuko isiyo ya kujitakia. Reli mpya ilipoanza mwaka 2017, na baadaye ikaamriwa makontena yapelekwe Nairobi kwa reli, kazi za malori na maghala zilipungua sana hapa. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022, lakini kijana aliyekaa miaka mitatu bila kazi harudi kuwa yule yule kwa tangazo la siku moja.

Saa ya dhuha ni ya akina mama. Biashara ya mbaazi na mahamri imekwisha, vyombo vimeoshwa, watoto wako shuleni, na kijana aliyekesha bado amelala chumba cha nyuma. Hii ndiyo saa niliyopata faida kubwa kuliko zote. Mama akikaa juu ya kibao cha mbuzi akikuna nazi, husema mambo ambayo hawezi kuyasema mkutanoni.

Adhuhuri jua huufunga mji. Hufunguka tena baada ya alasiri. Watoto huenda madrasa, viwanja hujaa mpira, na familia huteremka Mama Ngina kupunga upepo, na mihogo ya kukaanga na mabuyu mikononi. Lakini saa hiyo hiyo ndiyo ya muguka. Vijana hukaa vikundi vikundi, mfuko wa majani katikati, na mazungumzo huwa marefu. Mei 2024 serikali ya kaunti iliipiga marufuku muguka. Suala hilo likafikishwa mahakamani na marufuku ikasimamishwa, na vibanda vikaendelea. Niliwauliza vijana wa maskani moja kwa nini hutafuna. Hawakuitaja raha. Walisema mchana ni mrefu. Jibu hilo limenisaidia kuliko semina nyingi, kwa maana atakayeuondoa muguka bila kuujaza mchana hajafanya kitu.

Magharibi hadi isha ni ya kahawa na baraza za wanaume. Hapo mimi kama mwanamke sina mahali, na sioni kuwa ni hasara. Kikundi chetu kina ndugu wa kiume anayekaa barazani, na mimi hukaa ndani. Asubuhi tunakutana ofisini, tukilinganisha tuliyoyasikia. Mara nyingi alichosikia yeye nje ni nusu ya habari, na nusu nyingine nimeisikia mimi jikoni.

Ng'ambo mbili

Anayevuka Likoni huvuka kwa feri, na anayekwenda kwa miguu halipi. Umati wa asubuhi hapo kivukoni ni somo. Wamo wanafunzi, wauguzi, mafundi, na mama wenye mabeseni vichwani. Lakini wako watu wa upande wa kusini ambao hawaipandi feri bila ya kunyamaza kidogo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, na watu 272 wakafa. Nimekaa na mama aliyefiwa na dada yake siku hiyo. Hamruhusu binti yake kuvuka baada ya alasiri, na wala si ukali. Kwa hiyo vikao vya mabinti wa Likoni hufanyika Likoni kwao, asubuhi ya Jumamosi, na aliye mgeni ndiye anayevuka.

Kisauni iko upande wa pili, baada ya daraja la Nyali na soko la Kongowea. Ni mji ndani ya mji, na una sifa mbaya ambayo wakazi wake wengi hawakuitenda. Ni kweli kwamba vikundi vya vijana wenye mapanga vimewahi kuwatia watu hofu kubwa. Ni kweli pia kwamba mtoto wa Kisauni akienda kuomba kazi huona uso wa mwajiri ukibadilika anapotaja anakoishi. Vijana wanne waliniambia kwamba huandika anwani za jamaa zao wa kisiwani.

Mabinti

Katiba ya mwaka 2010 yamhesabu kijana kuwa ni aliyefikia miaka 18 na hajatimiza 35. Lakini ukilitaja neno "vijana" mitaani, watu huwafikiria wavulana. Mabinti hawakai maskani, hivyo hawaonekani, na asiyeonekana hasaidiwi. Aliyemaliza kidato cha nne hurudi ndani, akasaidia kupika na kulea, akasubiri posa au safari.

Safari hiyo ni ya nchi za Ghuba. Wakala huja na maneno matamu, na mara nyingi mama ndiye anayeuza mkufu ili pasi ya kusafiria ipatikane. Sijamkataza mtu kwenda, kwani nimeona nyumba za mawe zilizojengwa kwa jasho la mabinti hao. Tunachofanya ni kukaa pamoja, mama na binti, tukausoma mkataba neno kwa neno kabla ya kutiwa sahihi. Ni kazi gani? Mshahara ni kiasi gani, na hulipwa vipi? Siku ya mapumziko ipo? Pasi itakaa kwa nani? Na ofisi ya wakala imeandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Nakala ya karatasi zote hubaki nyumbani, mikononi mwa mama. Mara mbili nimeona safari ikiahirishwa kwa sababu swali moja tu lilikosa jibu.

Sitara

Katika yote niliyoyakuta, gumu zaidi halikuwa umasikini wala muguka. Lilikuwa kimya cha majumbani.

Katika darsa moja ya akina mama huko Kisauni, mama mmoja alibaki nyuma wenziwe walipoondoka. Aliniuliza habari za mtoto wa jirani yake. Huyo mtoto, alisema, ana miaka 22, alianza na muguka, kisha akaingia kwenye unga. Ameuza mtungi wa gesi, ameuza sufuria za arusi za mamake. Jamaa wameambiwa yuko Dar es Salaam kwa kazi, na ukweli yuko chumba cha uani. Jirani huyo, aliuliza, afanye nini?

Nilimtazama mikono, ikikunja na kukunjua ncha ya leso. Nikamjibu, "Mama, mwambie jirani yako kwamba hayo ni maradhi, na yana matibabu. Hapa hapa Kisauni kuna kituo kinachotoa methadoni. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, naye hushauriwa na kufuatiliwa. Si jambo la juma moja. Huchukua miezi, pengine miaka. Lakini wako waliorudi kazini."

Akasema atamwambia. Juma lililofuata alirudi na swali jingine la jirani: je, huko kituoni polisi huwakamata wagonjwa? Na juma la tatu: je, jirani lazima aende mwenyewe, na watu wa mtaa wamwone akiingia? Nilimjibu kila swali kwa jirani yake, wala sikumuuliza nyumba ya jirani iko wapi. Juma la nne alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kesho nitakuja naye." Hakulitaja tena neno jirani, wala mimi sikulitaja.

Kijana alianza dawa. Akaacha siku kadhaa, akarejea. Leo ninapoandika yungali anakwenda, na mamake humsindikiza mapema asubuhi. Sijui mwisho wake, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini Dar es Salaam imekwisha kusemwa. Jamaa wamejua, na mjomba wake, ambaye mama alimwogopa kuliko wote, ndiye anayelipa nauli.

Nimelifikiri sana jambo hili. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kusitiriana, na sitara ni katika mambo mema ya dini yetu na ya ada yetu. Nisingependa mji wowote uipoteze. Lakini sitara ni ya mtu, si ya maradhi. Kumsitiri mgonjwa ni kutomtangaza kwa asiyehusika, kutomcheka, na kutoihesabu aibu yake kila panapokaliwa. Kumficha tabibu asimwone ni jambo jingine kabisa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, nao hawakuwa watu wasiojua heshima.

Tena kuna mahali ambapo kimya hakina udhuru. Mtoto akidhuriwa, ama nyumbani, ama madrasani, ama njiani, hapana jina la ukoo wala la mwalimu linalostahili kulindwa kwa gharama yake. Ofisi ya watoto ipo, na nambari 116 hupigwa bila malipo kutoka simu yoyote. Hilo huwaambia akina mama siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine.

Kwa atakayenifuata

Binti wa Siyu, wa Vanga au wa Takaungu atakayepewa kazi kama hii katika mji asioujua, namwambia machache. Fikia kwa mtu, wala usifikie hotelini. Tembea kwanza, usiulize. Jua saa za mji kabla ya kupanga vikao vyako. Usiahidi kazi wala fedha ambazo huzimiliki, kwani kijana aliyeahidiwa mara tatu hasikii ya nne. Na mama akikujia na swali la jirani, mjibu jirani kwa upole, mara nyingi kadiri atakavyouliza.

Na kwa akina mama mnaosoma gazeti hili la familia juma kwa juma: mgeni aliyekuja kuwahudumia watoto wenu atajua mengi kwa kusoma, lakini nyumba zenu hawezi kuzijua msipomfungulia. Muulizeni amefikia kwa nani, mtazameni mwenendo wake, na mkiridhika naye, mwambieni ukweli mapema, wakati kijana angali ana nguvu za kuamka na kwenda kituoni kwa miguu yake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, walio nyumbani na walio ugenini. Wabillahi tawfiq.